Profesa na Mifupa ya Tendaguru

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu mnaosikiliza pamoja katika madarasa ya Kilwa na Lindi, natumaini kila mtu ana daftari na kalamu. Leo tutazungumza habari za profesa mmoja Mjerumani, au Mdachi kama walivyosema wazee wetu. Profesa ni mwalimu mkubwa wa chuo kikuu. Huyu wetu aliitwa Werner Janensch. Kazi yake ilikuwa kupima, kuhesabu na kuandika, nayo ilianzia hapa hapa kwetu.

Janensch alizaliwa Ujerumani mwaka 1878. Alisomea habari za mawe na za wanyama waliokufa zamani sana, kisha akapata kazi katika jumba la makumbusho la Berlin. Mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 30, alishuka pwani ya Lindi pamoja na mwenzake, Edwin Hennig.

Walifuata nini? Walifuata mifupa. Kiasi cha kilomita 60 kutoka mji wa Lindi, upande wa kaskazini magharibi, kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi Mdachi aliyeitwa Sattler aliona hapo mifupa mikubwa imetokeza juu ya ardhi. Mwaka 1907 akaja mtaalamu wa kwanza kuitazama, Profesa Fraas. Haikuwa mifupa ya tembo wala ya kiboko. Ilikuwa mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa walioishi kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita, nayo ilikuwa imegeuka kuwa jiwe.

Lakini tusisahau nchi yetu ilikuwa katika hali gani. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, huko Kilwa, vikaendelea mpaka mwaka 1907. Vijiji vilichomwa moto, vyakula viliharibiwa, na njaa ikaua watu wengi. Basi Janensch alipofika kutafuta vibarua, watu wa kusini walikuwa ndio kwanza wametoka katika taabu hiyo. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa Wadachi, na mifupa ikahesabiwa kuwa mali yao.

Mamia ya watu walifanya kazi Tendaguru. Wengine walikuja na wake zao na watoto, hata kikawa kijiji. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Yeye alijua kuutoa mfupa mkubwa katika udongo bila kuuvunja, nao hao mabwana walimtegemea sana. Mfupa ulipotolewa, ulifungwa kwa vipande vya mianzi na udongo, kama mtu aliyevunjika mguu anavyofungwa banzi.

Baadaye ilikuja kazi ya kuchukua. Mizigo ilitwikwa vichwani, na ile mizito sana ilifungwa kwenye mti, ikabebwa na watu wawili au zaidi mabegani. Safari ya kwenda Lindi ilikuwa mwendo wa siku tatu au nne kwa miguu. Huko mizigo ilipakiwa melini kwenda Ulaya. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1913.

Hebu tufanye hesabu. Mifupa yote iliyopelekwa ilizidi tani 200. Tani moja ni kilo 1,000, kwa hiyo tani 200 ni kilo 200,000. Tuseme mzigo mmoja ulikuwa kilo 40. Gawanya 200,000 kwa 40, utapata 5,000. Mizigo elfu tano! Na kila mzigo ulikuwa na shingo ya mtu chini yake.

Sasa tumtazame profesa akiwa kazini. Kila shimo lilipewa alama yake. Shimo moja lilipewa herufi S, nayo mifupa ya mnyama wa pili wa shimo hilo ikaandikwa S II, yaani S ya pili. Mnaona faida ya herufi? Kama mizigo ingefika Berlin bila alama, ingekuwa chungu ya mawe tu, hakuna ambaye angejua mguu huu ni wa mnyama gani. Ninyi mnaijua herufi S tangu majuma ya kwanza ya masomo yenu. Herufi hiyo hiyo ndiyo iliyowaongoza wataalamu wa Berlin.

Janensch akaipima mifupa ya yule S II. Mfupa wa mkono wa juu, toka begani mpaka kiwikoni, ulikuwa na urefu wa sentimita 213. Mtu mrefu akisimama kando yake, mfupa unampita. Tena akaona kwamba miguu ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma. Kwa hiyo mgongo wa mnyama huyu ulipanda kuelekea shingoni, kama wa twiga. Mwaka 1914 akampa jina, Brachiosaurus brancai. Siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan, na neno la kwanza la jina hilo lina maana ya twiga.

Lakini si mifupa yote ya S II iliyopatikana. Palipokuwa na pengo, mfupa wa mnyama mwingine ulitumiwa, au kipande kilitengenezwa kwa hesabu ya vipimo. Mkia wenyewe ni wa mnyama mwingine. Fundi wa majahazi ataelewa: ubao mmoja ukikosekana, fundi huzipima mbao za jirani, ndipo akachonga unaolingana nazo.

Kazi hiyo ilikuwa ndefu. Mnyama alisimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937, na kimo chake ni zaidi ya mita 13. Profesa aliendelea kuandika juu ya mifupa ya Tendaguru mpaka mwaka 1961, miaka 50 tangu alipoondoka huku. Alifariki mwaka 1969, na mjusi wetu mpaka leo yuko Berlin.

Watanzania wengi wameuliza: Je, mifupa hii irudi kwetu? Wako wanaosema irudishwe, kwa kuwa ilitoka wakati hatukuwa na sauti. Wengine wanasema ni rahisi kuvunjika, afadhali Lindi ipate makumbusho na faida nyingine. Sitawaamulia. Jadilianeni darasani.

Ila nataka mkumbuke jambo moja. Jina la Janensch tunalijua kwa sababu aliandika, na jina la Boheti bin Amrani tunalijua kwa sababu liliandikwa. Wachukuzi wa ile mizigo elfu tano je? Wengi wao hatujui hata jina la kijiji chao. Huenda babu wa mmoja wenu alikuwamo. Kama nyumbani kuna mzee aliyesikia habari zao, mwendeeni jioni hii, mkamuulize, mkaandike asemavyo kabla hajatutoka.

KAZI YA DARASANI

1. Tendaguru iko umbali gani kutoka mji wa Lindi?
2. Kwa nini kila shimo lilipewa alama yake?
3. Kama mzigo mmoja ungekuwa kilo 25, tani 200 zingekuwa mizigo mingapi?
4. Andika majina ya babu na bibi zako, na kijiji cha kila mmoja. Mwalimu asisahihishe majina. Mwenye jina ndiye ajuaye.

Kwaherini, wazee wangu. Tutaonana juma lijalo.