Kutoa Kizazi au Kukiacha: Maneno ya Mwenyekiti Katika Sherehe ya Kutimiza Miaka Kumi

 

Taarifa ya fedha mmeisikia kwa mhasibu, mambo ya hisa, mikopo na marejesho, sina cha kuongeza. Tulianza wanawake kumi na saba chini ya mwarobaini, na leo mnatuona tulivyo na sare zetu.

Katibu aliniandikia niseme juu ya mafanikio na matatizo. Mafanikio yanaonekana bila mimi kuyasema. Tatizo nitasema moja tu.

Tunalo daftari la mfuko wa jamii, ule tunaochangia kila mkutano kwa ajili ya shida. Tulipouanzisha tulifikiri utakuwa wa misiba. Misiba imo, lakini ukifungua kurasa za miaka hii ya karibuni, neno linalorudi ni "tumbo". Fulani kapewa, tumbo. Fulani kakopa, tumbo. Jamani, tumbo gani hilo? Sisi wenyewe tunajua. Ni kizazi. Na kina baba msiinamishe vichwa, haya yanawahusu, maana nauli ya kwenda hospitali mara nyingi mnatoa ninyi.

Tulipoanza wengi wetu tulikuwa na miaka arobaini na kidogo. Sasa tuko hamsini na zaidi. Huu ndio umri ambao damu ya mwezi huvurugika kabla haijakoma. Wengine inakoma taratibu, kwa heri. Wengine inakuja kama bomba lililopasuka. Mnamjua yule mama anayekunja kanga mara mbili ndipo akae kwenye benchi, na mkutano ukiisha anasubiri wote watoke kwanza. Anapanda ngazi tatu moyo unamwenda mbio. Akipimwa, damu yake ni saba, au sita, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na kumi na mbili au zaidi. Halafu anaambiwa kazeeka. Si uzee ule, ni damu imekwisha.

Mara nyingi chanzo ni uvimbe kwenye kizazi, ule wanaouita faibroidi. Sisi wanawake weusi unatupata zaidi kuliko wengine. Uvimbe huo ni mara chache sana kuwa saratani, na wengi wanao na hawajui, hauwaumizi. Tena hedhi ikishakoma kabisa kwa kawaida unasinyaa wenyewe. Kwa hiyo kuwa na uvimbe si sababu ya kukimbilia kisu. Swali ni unakufanyia nini wewe.

Hapa kwenye kikundi tunao mifano, na wenyewe wameniruhusu niseme bila majina. Mmoja alikuwa na miaka hamsini na moja, uvimbe upo, damu nyingi lakini si ya kumwangusha. Akapewa vidonge vya kupunguza damu na vya kuongeza damu mwilini, akasubiri. Hedhi ikakoma, tumbo likapungua, leo yupo hapa na ndiye aliyepika pilau. Mwingine alikuwa hajafika arobaini na anataka mtoto. Huyo walitoa uvimbe peke yake, kizazi wakakiacha. Aliambiwa wazi kwamba uvimbe mwingine unaweza kuota, akakubali. Wa tatu alijaribu vidonge, akawekewa na kile kitanzi chenye dawa ya kupunguza hedhi, damu ikaendelea. Mara mbili aliongezewa damu ya watu. Yeye alitolewa kizazi, na anasema angejua angeenda mapema.

Mnaona? Wanawake watatu, ugonjwa mmoja, majibu matatu. Ndiyo maana mimi nachukia mtu akisema "kizazi ni cha kutoa tu, umeshazaa, cha nini tena?" Na nachukia vilevile anayesema "usikubali kamwe, watakumaliza." Wote wawili hawajauliza lolote.

Sasa wa nne. Huyo hayupo. Hedhi yake ilikoma, ikapita miaka miwili, halafu damu ikarudi. Akacheka, akasema ujana umerudi. Tukacheka naye. Alipokwenda kupimwa ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi, na imeshatoka kwenye kizazi imeenda pembeni. Hapo kutoa kizazi hakusaidii tena, tiba ni mionzi na dawa, akapelekwa Ocean Road, Dar es Salaam. Alituacha mwaka 2021. Nalisema hili taratibu mlisikie: damu ikirudi baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, hata tone, hata mara moja, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Usingoje mavuno. Saratani hii ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine zote hapa Tanzania, na inaweza kuonekana mapema. Wanakupaka asidi kama siki kwenye shingo ya kizazi, wanaangalia rangi, dakika chache umemaliza. Mabinti zetu wana bahati, chanjo yao ilianza nchi nzima 2018 kwa wenye miaka 14, na 2024 ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, sindano moja tu. Mwenye binti shuleni asisikilize maneno ya barabarani.

Nirudi kwenye kizazi. Ukishaambiwa kitolewe, usiondoke na ndiyo wala hapana. Ondoka na majibu. Uliza kinatolewa kwa sababu gani, na kuna njia nyingine gani kabla ya hiyo. Uliza kama kinyama kimepimwa kuona kama kuna saratani. Uliza watapitia wapi, tumboni au ukeni, na utachomwa nusu kaputi ya mwili mzima au ya mgongoni. Uliza hatari zake, maana zipo: damu kupotea, kidonda kuoza, kibofu kujeruhiwa, damu kuganda miguuni. Na uliza hili ambalo wengi wanalisahau: mifuko ya mayai inabaki au inatoka? Ikibaki, homoni zinaendelea, ingawa hedhi haipo tena. Ikitoka kabla ya wakati, yale majoto ya usiku yanakuja ghafla, na mifupa inaanza kulegea mapema. Ni mambo mawili tofauti, na mwanamke ana haki ya kujua lipi linafanyika kabla hajaweka saini. Saini ni yake.

Kuna mama mmoja, nesi alimjibu kwa ukali alipouliza hayo, hospitali siitaji. Akainuka akaenda kuuliza kwingine. Sisi wa Dodoma siku hizi tuna pa kwenda. Ipo General, ipo Benjamin Mkapa kule upande wa Chuo Kikuu, ipo Mvumi. Kutafuta maoni ya daktari wa pili si utovu wa adabu.

Na maneno ya mtaani je? Eti mwanamke anabaki shimo tupu, anakuwa baridi, mume anamkimbia. Mimi mwenyewe nimeambiwa nitolewe, sifichi. Nina miaka hamsini na tatu, damu yangu imewahi kufika sita na nusu, vidonge nimekula mwaka mzima. Mzee wangu aliuliza jioni moja, kwa upole, "Sasa utakuwa nani?" Sikumkasirikia. Nikamwambia swali hilo twende nalo kwa daktari, na akaja, akauliza mwenyewe kwa mdomo wake. Daktari akageuza karatasi ya altrasaundi, akachora kwa kalamu: hiki kizazi kinatoka, huu uke unabaki, haya mayai yanabaki. Baada ya wiki sita au zaidi, kidonda kikipona, maisha ya ndoa yanaendelea. Wapo wanaofurahi kuliko zamani kwa kuwa maumivu na damu havipo. Wapo pia wanaolia, hata kama watoto wanao saba, na daktari hakulificha hilo. Mzee akaiomba ile karatasi, ipo nyumbani juu ya kabati.

Nimekubali. Nitakwenda Julai, mahindi na karanga vikiwa ndani, kwa sababu msimu wetu ni mmoja na jembe halingoji mtu. Yangu ingekuwa saratani nisingengoja hata siku. Ila nilipopiga hesabu ya Julai ndipo nikaiona kazi ya kikundi. Baada ya upasuaji wa tumboni hutakiwi kubeba kitu kizito wiki sita hivi. Ndoo ya maji ya lita ishirini ni kilo ishirini. Hakuna kutwanga, hakuna kuni, na yule mwenzetu anayepiga ngoma ya muheme ameambiwa aiweke kando. Nani atachota maji? Mwenye binti nyumbani ana nafuu. Wengi mabinti wameolewa. Nimeona wanawake wawili hapa walirudia ndoo wiki ya pili, mmoja kidonda kikafunguka.

Na katiba yetu inasema asiyehudhuria mkutano anapigwa faini, asiyenunua hisa anapigwa faini. Kwa hiyo mwenzetu amelala na nyuzi tumboni, anadaiwa.

Naleta hoja, na nimeileta mbele ya wageni makusudi. Mwanachama aliyefanyiwa upasuaji wa kizazi, kutolewa au kutolewa uvimbe tu, asitozwe faini wiki nane. Apewe fungu kutoka mfuko wa jamii, liwe msaada na si mkopo, na kiasi kipangwe na mkutano wa mwezi ujao. Na tupeane zamu ya kumchotea maji wiki sita. Mwenzetu mmoja kwenye kamati aliuliza, kama ni hiari yake kutoa, kwa nini tumchangie? Nikamjibu kwamba harusi nayo ni hiari, na tunachanga. Aliyeamua kusubiri naye tumsindikize kupima damu yake kila baada ya miezi mitatu, nauli itoke hukohuko.

Hoja hii isianze na mimi, ianze na yule mwenzetu wa Hombolo anayelazwa Jumatatu. Katibu, hesabu mikono.