Si Kila Degedege ni Malaria

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa unaoanzia tumboni lakini dalili zake zafika hadi kichwani.

Tuseme mtoto wako wa miaka miwili ameshinda na joto jingi. Amelegea, hataki kula. Ghafla anakakamaa, macho yanageuka juu, mikono na miguu inatetemeka. Jirani anasema ni malaria. Mwingine anasema ni nyuni, aitwe mganga. Saa chache baadaye mtoto anahara damu na makamasi.

Kuna bakteria waitwao Shigela, waliogunduliwa na daktari Mjapani, Kiyoshi Shiga, mwaka wa 1897. Huvamia utumbo mpana na kuleta kuhara damu. Lakini kwa watoto wadogo, joto na degedege huweza kutangulia kuhara kwenyewe. Ndiyo sababu wazazi wengi hupotea njia.

Je, ufanye nini? Mtoto akishikwa na degedege, mlaze kwa ubavu mahali salama. Usimtie kijiko wala kidole kinywani, wala usimnyweshe chochote mpaka azinduke. Kisha mpeleke hospitalini mara moja. Apimwe malaria, naam, lakini mweleze daktari pia jinsi kinyesi kilivyo. Kuhara damu kwahitaji antibiotiki atakayochagua daktari. Usijinunulie dukani, na usimpe mtoto dawa ya kufunga tumbo.

Mkirudi nyumbani, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mpe maji ya ORS kila anapohara, na tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14, kama ulivyoelekezwa. Ukiona mkojo umepungua, uso umevimba au viganja vimekuwa vyeupe, mrudishe upesi, kwani huenda figo zimeathirika.

Bakteria hawa ni wepesi kuambukiza. Hata chini ya 100 wanatosha. Basi nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni, ukisha kumpangusa mtoto, na kabla ya kupika au kulisha. Kinyesi cha mtoto nacho kitupwe chooni, si nyuma ya nyumba.

Mama, joto likipanda, tazama pia kinyesi. Huenda jibu liko hapo.