Msituni Kuna Saa Zake

 Wahitimu wetu wa misitu, hongereni sana.

Nataka niwazungumzie mti ambao wauza mbao hawana habari nao: mtomondo. Wamalaysia huuita putat. Huota kwenye vinamasi na kandokando ya mito, mara nyingi chini ya kivuli cha miti mirefu. Kutoka Pwani yetu ya Afrika Mashariki, kupitia Asia, hadi visiwa vya Pasifiki, mtaukuta, kwa kuwa tunda lake lina ganda la nyuzinyuzi linaloelea na kuchukuliwa na maji.

Maua yake hushikana kwenye shada refu linaloning'inia, meupe au ya waridi, kila ua limejaa nyuzi kama brashi. Hufunguka jioni. Usiku popo na nondo huja kufyonza mbochi, na kukipambazuka nyuzi zile zimeshaanza kudondoka majini. Sasa mtaalamu anayeshuka garini saa nne asubuhi, viatu vikavu, ataandika kwamba mti hauna maua wala wadudu wanaoutembelea. Ripoti itakuwa na muhuri, na itakuwa na makosa.

Tena, Malaysia majani yake machanga huliwa mabichi kwa sambal, ile pilipili yao ya kutwanga. Mbegu za mti huohuo zikipondwa huwa utupa wa kulevya samaki. Jina la kitaalamu, *Barringtonia racemosa*, mtalipata kitabuni. Jani la kuchuma ni lipi, na likomae kiasi gani, mwulizeni mama anayelipeleka sokoni.

Kwa hiyo mkipangiwa kazi, mkifika kijijini pigeni hodi, kaeni, ulizeni wazee na wavuvi. Siku moja mtaletewa karatasi msaini ili kinamasi kifukiwe au ukingo wa mto ufyekwe. Kabla ya kushika kalamu, jiulizeni: nimewahi kulala pale hata usiku mmoja? Kama bado, waambieni wakubwa wasubiri. Watanung'unika, lakini ndiyo kazi mliyosomea.