Siku za Mwezi na Kuoga kwa Ibada: Mto, Bahari na Jua la Hapa



Nimeombwa nizungumzie siku zetu za mwezi na desturi ya kuoga katika maji matakatifu. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni majirani, ambao kwa miaka mingi wametuona tukishuka pwani alfajiri na vyombo vya shaba na maua, na kwa adabu yao hawakuuliza. Ya pili ni shauri lililo mbele ya kamati: ama kalenda ya mandir ya mwaka ujao ipigwe chapa kwa hesabu ya jua la hapa, ama tuendelee kunakili ile inayotoka Gujarat. Wako wanaoliona jambo hili kuwa dogo. Mimi silioni hivyo.

Mwezi wetu una tithi 30. Tithi si siku. Ni muda unaotumiwa na mwezi kujitenga na jua kwa nyuzi 12 angani, na kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani wakati wote, tithi moja huweza kuwa na saa 19 hivi na nyingine ikazidi 26. Huanza wakati wowote, adhuhuri au usiku wa manane. Kwa kawaida siku hupewa jina la tithi iliyopo jua linapochomoza. Hivyo hutokea tithi fupi ikaanza na kwisha kati ya macheo mawili, na siku yake isionekane kabisa katika kalenda. Na hutokea tithi ndefu ikashika macheo mawili, ikapata siku mbili. Vijana hudhani mchapaji amekosea. Hakukosea.

Tithi 15 za mwezi unaokua twaziita sud, na 15 za mwezi unaofifia twaziita vad. Ya kumi na moja katika kila nusu ni agiyaras, siku ya kufunga. Mwezi ukiwa mpevu ni punam. Usipoonekana kabisa ni amas. Ndugu zetu Waislamu huuacha mwaka wa mwezi utembee, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote. Sisi huuvuta urudi: kila baada ya miezi 32 au 33 huongezwa mwezi mmoja, uitwao adhik mas, mara saba katika miaka 19. Mwaka 2023 tulikuwa na Shravan mbili. Bila hesabu hiyo, Diwali ingetoka Oktoba na Novemba ikazurura hadi Machi, nasi wenye maduka tusingejua lini tufunge vitabu vya hesabu na kufungua vipya.

Hata Wahindu wenyewe hawakubaliani kuhusu mwezi huishia wapi. Gujarat huishia amas. Kaskazini ya India huishia punam. Basi Mahashivratri kwangu ni ya mwezi wa Maha, na kwa mwenzangu ambaye asili yake ni Uttar Pradesh ni ya Phalgun, ilhali usiku ni ule ule mmoja na sote tunakesha pamoja. Nalitaja ili msiogope tofauti za kalenda. Ni za kale kuliko hekalu letu.

Sasa maji. Kila anayesikia habari za kuoga kwetu hutaja Ganga, na ni haki yake. Lakini wazee waliopanda majahazi kuja huku walitoka Kutch, Kathiawad na Surat, mbali na Ganga, na wengi wao hawakuwahi kuiona. Walikuwa na maji yao. Dwarka wana Gomti, mto mfupi unaoingia baharini chini ya hekalu, na mahujaji huoga kwanza kisha wakapanda ngazi 56 kwenda kumwona Dwarkadhish. Prabhas Patan, penye Somnath, mito ya Hiran, Kapila na Saraswati hukutana karibu na bahari. Junagadh, chini ya mlima Girnar, pana Damodar Kund, ambapo husimuliwa kwamba Narsinh Mehta alikuwa akioga kila siku. Sidhpur watu huenda kuwafanyia shraddha mama zao. Na Narmada, unaotoka Amarkantak na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Khambhat, wazee husema kwamba kuuona tu kwatosha.

Lakini mahali ninapotaka tupatazame leo ni Koliyak, kijiji cha pwani karibu na Bhavnagar. Huko hakuna mto wa kuogea. Ni bahari tupu. Husimuliwa kwamba baada ya vita vya Kurukshetra, Pandava watano walielemewa na dhambi ya kuwaua jamaa zao. Krishna akawapa bendera nyeusi na ng'ombe mweusi, akawaambia wavifuate. Siku vitakapogeuka vyeupe, wajue wamesamehewa. Walitembea nchi nyingi. Vilipogeuka vyeupe, walikuwa wamefika Koliyak. Shiva akamtokea kila mmoja wao katika umbo la linga, na ndiyo maana pana linga tano juu ya jukwaa la mawe lililo ndani ya bahari. Mahali hapo huitwa Nishkalank, maana yake asiye na doa.

Maji yakijaa, linga zote hufunikwa, na kinachoonekana ni mlingoti wa bendera tu. Maji yakipwa, watu hutembea kwa miguu katika matope hadi mawe yale. Na sikukuu kubwa ya mahali hapo ni Bhadarvi Amas, mwishoni mwa mwezi wa Shravan, yaani Agosti au mapema Septemba, usiku wa kiza kabisa.

Kwa nini amas? Jibu liko kwa majirani zetu wavuvi. Mwezi ukiwa mpevu au usipoonekana, ndipo bamvua linapokuwa kubwa: maji hujaa sana na hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Mama anayeokota pweza mwambani anaijua hesabu hii bila kitabu. Ghuba ya Khambhat ina kujaa na kupwa kwa nguvu ambako bahari chache duniani zinakufikia, na katika bamvua la amas njia ya kwenda kwa Shiva hufunguka wazi, kisha hufungwa tena. Sitaki kusema kwamba imani yetu ni hesabu za maji tu. Nasema kwamba waliochagua siku ile waliijua bahari, na kwamba mtu wa Lamu au wa Pemba angewaelewa upesi kuliko mtu wa Delhi.

Kuhusu Kumbh nitapita haraka, kwa kuwa mmekwisha kuiona katika televisheni. Hufanyika Prayagraj, Haridwar, Ujjain na Nashik, kwa zamu zinazofuata mwendo wa sayari ya Mshtarii, takriban kila miaka 12 katika kila mji. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2017. Ile ya Prayagraj ya 2025 ilianza kwa punam ya tarehe 13 Januari na kumalizika kwa Mahashivratri, tarehe 26 Februari. Katikati yake ilikuwapo Mauni Amas, siku ya kuoga kwa kimya, tarehe 29 Januari. Usiku ule watu walikanyagana. Serikali ilitangaza kwanza vifo 30. Katika siku hiyo hiyo ya mwezi, mwaka 1954, mamia walikufa mahali pale pale. Ninalotaka mlitambue ni hili: msongamano wa 2025 ulitokea kabla ya alfajiri, na tithi ile iliendelea mpaka jioni ya siku hiyo. Zilikuwa zimebaki zaidi ya saa 12 za kuoga kwa heri ile ile. Mwenye kuielewa tithi hana haja ya kumsukuma mzee wa mwenzake.

Nirejee kwetu. Wako wanaosema kwamba kuoga kwetu hapa, na kuyatia majivu ya marehemu wetu katika Bahari ya Hindi, ni jambo la kujifariji kwa mtu asiye na nauli ya kwenda Haridwar. Siafiki. Mama zetu walipojimwagia kata ya kwanza ya maji bafuni waliitaja mito saba, Ganga, Yamuna, Godavari, Saraswati, Narmada, Sindhu na Kaveri, na kuiomba iingie katika maji yale. Ikiwa mto huweza kuitwa ukaja katika ndoo, utashindwaje kufika baharini, ambako mito hiyo inakwenda yenyewe? Na desturi ya zamani huruhusu kuoga baharini hasa siku kama punam na amas. Aliyeyatia majivu ya mumewe katika maji ya hapa asilale na shaka.

Ila ikiwa bahari ya hapa yatosha, basi na jua la hapa litoshe. Macheo yetu huja saa moja na nusu hadi saa tatu hivi baada ya macheo ya Gujarat. Tithi ya agiyaras ikianza katikati ya muda huo, kule watafunga kesho, na sisi, ambao jua limetuchomozea tithi ikiwa imekwisha kuingia, ni haki yetu kufunga leo. Mwenye kunakili kalenda ya Gujarat hufunga siku ya pili, na huenda tithi imekwisha kupita.

Si kila siku hufuata macheo, najua; Janmashtami na Shivratri hutazamwa usiku wa manane, Diwali jioni. Lakini hapo pia mahali huamua. Kumbukeni mwaka 2024. India waligawanyika kati ya tarehe 31 Oktoba na 1 Novemba, kwa sababu amas ilikwisha tarehe 1 yapata saa kumi na mbili na robo jioni kwa saa zao, jua likiwa linatua au limetua karibuni. Nasi tukagawanyika nyuma yao, simu kwa simu, familia moja ikiwasha taa na ya pili ikingoja. Kwa saa za hapa, amas ile ilikwisha kabla ya saa kumi alasiri ya tarehe 1. Jioni yake haikuwa amas tena. Hapakuwa na shaka yoyote kwetu. Tuliazima shaka ya watu wengine.

Kwa hiyo naiomba kamati ikubali hesabu ya hapa. Maharaj amesema yuko tayari kuipitia, na gharama za chapa nitazibeba mimi kwa mwaka wa kwanza. Kwa kila siku ya kuoga, naomba kando ya tithi ziandikwe pia saa za maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua tunaposhuka pwani jua likichomoza, maji huwa yanatoka. Uzi wa mashada, mifuko ya plastiki na picha zenye vioo tunazoziweka majini huondoka machoni petu. Alasiri maji yakijaa hurudi navyo vyote penye ngalawa na nyavu za majirani, nasi tumekwisha kwenda dukani. Maua yaende bila uzi, nazi bila mfuko. Vilivyobaki virudi nasi katika kikapu, na kikapu hicho kitakuwa langoni kuanzia amas ijayo.