Maji ya Mboga Yasipate Joto

Leo tutazungumza juu ya mboga zinazokuzwa ndani ya maji, bila udongo.

Ukiishi Kangemi, Kawangware au kwenye ghorofa za Ngara, huenda huna hata kipande cha shamba. Lakini mtungi wa lita 20 wenye kifuniko kilichotobolewa, pamoja na maji na mbolea ya kuyeyusha, unatosha kuotesha sukuma wiki au spinachi. Mboga hizi zina faida kubwa nyumbani. Mtoto akitimiza miezi 6 huhitaji chakula pamoja na maziwa ya mama, na majani mabichi yaliyopikwa na kupondwa humpa vitamini A.

Sasa, Januari hadi Machi jua la Nairobi huwa kali. Utaona mboga zimenyauka saa saba mchana ingawa maji yamejaa. Usikimbilie kuongeza mbolea. Kwanza inua kifuniko utazame mizizi. Mizizi yenye afya ni myeupe. Ikiwa ya kahawia, inateleza na kunuka, imeanza kuoza.

Sababu ni nini? Mizizi hupumua, kama sisi. Hewa yake imo ndani ya maji, na maji yakipata joto hushika hewa kidogo. Tena Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata maji baridi hapa hushika hewa kidogo kuliko ya Mombasa yenye baridi hiyo hiyo. Na vijidudu vinavyoozesha mizizi hupenda joto.

Maji yanayofaa ni ya nyuzi 18 hadi 22 hivi. Kama huna kipimajoto, tumia kiwiko, kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Maji ya mboga ni lazima kiwiko kiyaone baridi. Ukiyaona ya vuguvugu, yamepita kiasi.

Basi mama, tufanye nini?

Kwanza, kivuli. Roshani inayotazama magharibi huchomwa na jua la alasiri. Sogeza mtungi ili jua la asubuhi liyafikie majani, na la alasiri likingwe kwa shuka kuukuu. Usiuegemeze kwenye ukuta wa mabati. Uinue juu ya matofali, kwa sababu sakafu ya saruji huhifadhi joto.

Pili, rangi. Mtungi mweusi hunywa joto. Upake rangi nyeupe kwa nje, lakini hakikisha mwanga haupenyi ndani, la sivyo maji yataota utando wa kijani.

Tatu, gunia. Zungushia mtungi gunia la katani, ulilowanishe asubuhi na adhuhuri. Maji yanapokauka hutoka na joto, kama chungu cha udongo kinavyopoza maji ya kunywa. Siku za mgao wa maji, tumia maji uliyooshea mboga.

Nne, hewa. Acha nafasi ya vidole vitatu kati ya maji na kifuniko. Asubuhi na jioni chota maji kwa kikombe kisafi uyamimine tena kutoka juu. Yakipungua kwa sababu ya jua, ongeza maji matupu, kwa kuwa mbolea imebaki ndani.

Mwenye friji anaweza kutumbukiza chupa ya maji yaliyoganda, ikiwa imefungwa vizuri. Lakini kivuli ndicho cha kwanza, na hakina gharama.

Mama, hapa nisikilize kwa makini. Maji haya yenye mbolea si ya kunywa wala ya kupikia. Yana naitreti, na kuyachemsha hakuiondoi. Mtoto mchanga akiyanywa, au akikorogewa maziwa nayo, damu yake inaweza kushindwa kubeba hewa. Ukiona midomo na kucha zimegeuka rangi ya samawati, mkimbize hospitali mara moja. Tia alama kwenye kikombe cha mbolea, kisiingie jikoni kamwe. Mbolea yenyewe ifungie mahali pa juu.

Tena, funika mtungi na kufunga kifuniko imara. Mbu hutaga mayai katika maji yaliyosimama, na mtoto anayetambaa anaweza kuzama katika ndoo yenye maji kidogo tu. Usitumie kabisa mtungi uliowahi kuwa na dawa ya wadudu.

Kwa kumalizia, kumbuka mambo manne: kivuli, rangi nyeupe, gunia lililolowana na hewa. Na la tano, lililo kubwa kuliko yote: maji ya mboga yakae mbali na mtoto, mboga yenyewe ifike kwenye sahani yake.