Saa za Ziada za Zimamoto: Nani Huzilipa?

Waheshimiwa viongozi wa mitaa, wafanyabiashara wa soko, madereva wa malori na wa bodaboda, ndugu wakazi wa pande zote mbili za mpaka,

Swali tunaloulizwa mara nyingi katika mikutano ya namna hii ni hili: ikiwa gari la zimamoto lipo kituoni, kwa nini watu hawatoshi? Leo tungependa kulijibu bila kuficha.

Hapa Uganda huduma ya zimamoto ni sehemu ya Jeshi la Polisi. Kwa jirani zetu wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kwa serikali za kaunti. Mifumo ni miwili, lakini hesabu ya zamu ni moja.

Wiki ina saa 168, na moto hauna sikukuu. Tuchukue mfano wa kituo cha mji mdogo chenye gari moja linalohitaji watu wanne: dereva anayesimamia pia pampu, kiongozi wa kikosi, na wawili wa kushika mipira ya maji. Nafasi hizo nne ni saa 672 kwa wiki. Kila mtu akifanya kazi saa 48, wanahitajika watu 14, kabla ya kuhesabu likizo, ugonjwa na mafunzo. Kituo kikiwa na watu 12, zinapungua saa 96 kila wiki.

Saa hizo lazima zizibwe na mtu. Mahali ambapo saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, saa 96 hugharimu kama saa 144, yaani mshahara wa watu watatu kwa kazi ya wawili. Ni kweli kwamba mwajiriwa mpya huhitaji mafunzo, sare na pensheni. Kwa hiyo pengo la majuma machache laweza kuzibwa kwa saa za ziada. Pengo la mwaka mzima, hata hivyo, si dharura tena. Ni upungufu wa watu, na dawa yake ni kuajiri.

Kwetu askari hupokea mshahara wa mwezi, hivyo pengo hilo halionekani katika daftari la mhasibu. Hulipwa kwa usingizi. Askari aliyekesha ndiye anayeshika usukani wa gari lililojaa maji, akipita kati ya malori ya mafuta yaliyopanga foleni kuelekea forodhani. Kumchosha askari huyo si kubana matumizi. Inatupasa kupanga likizo mapema, kuheshimu muda wa kubadilishana zamu, na kuandika kila mwezi saa zilizozidi, ili ombi la kuongezewa watu liwe na ushahidi.

Nanyi mna sehemu yenu. Simu ya uongo kwa 999 au 112 huondoa zamu nzima kituoni. Zimeni majiko kabla ya kufunga vibanda, msihifadhi petroli katika madumu nyumbani, na acheni njia za soko zipitike. Na wawakilishi wenu wanapojadili bajeti, waulizeni zamu ya usiku ina watu wangapi, si magari mangapi tu.