Mhindi wa Dukani na Mhindi wa Kizuizini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama mjini Singida)



Katika mkutano uliopita ndugu mmoja alisimama akauliza: Mhindi aweza kuwa mpigania uhuru, au yeye ni wa dukani tu? Wengine walicheka, wengine walipiga makofi. Sisi hatukucheka. Swali la namna hiyo nusura liivunje TANU pale Tabora, Januari 1958, ilipobidi kuamua kama tuingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Tuliingia, na tukashinda.

Leo twamtaja mtu mmoja, Makhan Singh. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi mwaka 1927 kumfuata baba yake. Mwaka 1935 alishika ukatibu wa chama cha wafanya kazi wa Kihindi. Angaliweza kujipatia jina kwa Wahindi wenziwe na kustarehe. Badala yake alikigeuza kiwe chama cha wafanya kazi wa rangi zote. Hayo ndiyo mageuzi yake makubwa ya fikira, nasi tunaomba myatazame vizuri, kwa maana watu wengi hubadili fikira pale panapowaletea faida. Yeye yalimletea polisi.

Mwaka 1937 chama hicho kiliongoza mgomo wa siku 62 mjini Nairobi, na waajiri wakakubali kuongeza mishahara. Sisi wa Singida tunaijua maana ya jambo hilo. Wazee wetu wa Kinyaturu na Kinyiramba walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Manamba hakuulizwa anataka mshahara gani. Alipewa kipande, akaambiwa kamba ziko wapi.

Baadaye Makhan Singh alikwenda Bara Hindi, na Mwingereza akamfunga huko. Aliporudi Kenya mwaka 1947, serikali ya kikoloni ilitaka kumfukuza, ikashindwa. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Afrika Mashariki. Kisha tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alisimama akataka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Za Afrika Mashariki, ndugu, si Kenya peke yake! Tanganyika nayo ilikuwamo. TANU ilikuwa bado kuzaliwa kwa miaka minne.

Tarehe 15 Mei alikamatwa. Mbele ya Jaji Thacker, yule yule aliyekuja kumhukumu Kenyatta huko Kapenguria, alisema waziwazi kwamba Mwingereza hana haki ya kutawala Kenya, na kwamba yeye ni mkomunisti. Ukomunisti wake si lazima mtu aukubali. Wengi wetu hatukuukubali. Lakini mtu aliyekuwa akijua kwamba neno moja la uongo lingemrahisishia mambo, akalikataa, huyo twamwamini kuliko wale waliokuwa wakisema "ndiyo bwana" asubuhi na "uhuru" usiku.

Alizuiliwa hata tarehe 20 Oktoba 1961, miaka kumi na mmoja na zaidi. Alipotoka aliingia KANU. Uhuru ulipokuja hakupewa cheo cha maana. Hakuanzisha chama cha kulipiza kisasi. Alikaa akaandika historia ya vyama vya wafanya kazi, ikatoka mwaka 1969. Alifariki mwaka 1973.

Sasa, mizani iliyopunjwa dukani tunaijua, wala hatutaificha. Wengi wetu tumepimiwa karanga kwa mizani hiyo. Lakini mpunjaji ashitakiwe kwa mizani yake, si kwa rangi yake, kwa sababu mizani ya namna hiyo tumeiona hata mikononi mwa watu weusi kama sisi.

Ndugu aliyeuliza tunamwona ameketi karibu na mlango. Tunamwomba aanze yeye.